Godoro gumu, kitanda kitupu

Seti ilining'inia mlangoni mwa duka, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ndani ya nailoni inayong'aa. Duveti dogo la manyoya. Mito miwili, na wa tatu wenye shimo katikati, ule wanaosema unaunda kichwa. Mito mirefu ya kuzungushia kitanda pande zote nne, ambayo wauzaji huiita bampa, kila mmoja na utepe wake. Dubu. Shuka. Na chini kabisa, kama nyongeza tu, kigodoro kilichoumuka kama andazi. Bei ya seti ilizidi ya kitanda chenyewe.

Mpwa wangu, mimba yake ikiwa ya miezi minane, alikibonyeza kigodoro, akakiinamia, akakiwekea shavu. "Mjomba, hebu shika. Laini hiyo!" Muuzaji, kijana mwenye tepu ya kupimia shingoni, akajua mambo yameiva. "Shikamoo mzee. Mtoto akilala hapa hasumbui mtu. Anajiona bado yuko tumboni."

Marahaba, nikasema, na tukaondoka bila kununua. Mpwa wangu alinuna mpaka kituo cha mwendokasi. Simlaumu. Kwetu mtoto na ulaini ni kitu kimoja. Anayetandikiwa pagumu ni mfungwa. Kumwambia mama mtarajiwa kwamba mahali salama pa kumlaza mwanawe panatakiwa kuwa pagumu, bapa na patupu, ni kama kumwambia akipata mgeni amkalishe kizingitini. Lakini ndivyo ilivyo, na katika seti nzima ile kilichofaa kulala na mtoto mchanga kilikuwa kimoja tu, shuka.

Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka hukumu ya Mfalme Sulemani: wanawake wawili, mtoto mmoja, upanga. Tunachosahau ni jinsi kesi ilivyoanza. Watoto walikuwa wawili. Mmoja alikufa usiku, kitandani, na ikasemwa mama yake alimlalia. Maelezo hayo hayajazeeka. Mpaka leo mtoto akilazwa mzima na asubuhi akakutwa amekufa, mtaa una majibu mawili mkononi: mama kamlalia, au kuna mtu kamwangia. Yote mawili yanatafuta wa kulaumiwa. Hakuna anayeingia chumbani kubonyeza godoro.

Madaktari nao walichelewa. Jina la kitabibu la kifo cha ghafla cha mtoto mchanga lilipendekezwa mwaka 1969, kwenye mkutano uliofanyika jimbo la Washington, Marekani, na lilikuwa jina la kukiri kushindwa: mtoto alikuwa na afya, amekufa usingizini, maiti imepasuliwa na hakikuonekana kitu. Miaka zaidi ya 20 ikapita watu wakitafuta ugonjwa ndani ya mwili wa mtoto.

Moja ya dalili nzito ilitoka nje ya mwili, kwenye mto. Mwaka 1991 James Kemp na Bradley Thach, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto 25 waliokufa wakiwa wamelazwa juu ya mito iliyojazwa chembe nyepesi za plastiki, jamii ya zile nyeupe tunazokuta kwenye boksi la televisheni mpya. Mito hiyo iliuzwa kwa ajili ya watoto wachanga. Ilikuwa laini, ilikuwa inapitisha hewa, na hapo ndipo penye fumbo: mbona mtoto akose hewa kwenye kitu kinachopitisha hewa?

Jibu lao linaeleweka kwa yeyote aliyewahi kujifunika blanketi gubigubi akaona kichwa kinaanza kuuma. Uso wa mtoto ukizama kwenye kitu laini, pua inazungukwa na kishimo. Hewa anayoitoa haiendi mbali. Inabaki mle kishimoni, na pumzi inayofuata anavuta ileile. Kila pumzi oksijeni inapungua na kabonidayoksaidi inaongezeka. Mtu mzima angeamka kwa kishindo, ageuke, atupe mto. Mtoto wa miezi mitatu ana shingo ambayo bado haijabeba kichwa sawasawa, na ubongo ambao kengele yake ya kumwamsha bado haijakaa sawa. Hapigi kelele. Hafurukuti. Kwa hiyo mama aliyelala hatua mbili kutoka hapo hasikii chochote, kisha asubuhi anaulizwa alikuwa wapi.

Ndiyo maana umri una uzito hapa. Kiasi cha asilimia 90 ya vifo hivi hutokea kabla ya mtoto kutimiza miezi 6, na kilele chake ni kati ya mwezi wa 2 na wa 4. Ni wakati uleule ambao mtoto amenona, anacheka, arobaini imepita, zawadi zimejaa kitandani na hofu ya uchanga imeanza kututoka.

Uchunguzi wa pili unatugusa zaidi sisi watu wa pwani. Ulichapishwa mwaka 1993 na ulifanyika Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia, ambako familia nyingi zilipenda kuwalaza watoto kwenye magodoro ya nyuzi za asili: magome ya mti wao fulani, na sufi. Naam, sufi hiihii tunayookota chini ya msufi, tukaichambua na kuijaza kwenye mito. Watafiti waliona kwamba kumlaza mtoto kifudifudi kulikuwa na hatari popote, lakini juu ya godoro la nyuzi za asili hatari ilipanda mno. Sufi mpya huumuka. Kichwa cha mtoto, ambacho ndicho kizito kuliko viungo vyake vyote, kinajichimbia shimo.

Nalisema hili kwa shingo upande, kwa sababu nililelewa kwenye godoro la sufi, kule Pangani, na harufu yake likishapigwa jua ni harufu ya utoto wangu. Lakini siku hizi kila kitu cha asili kinauzwa kama kitu salama, na bei yake inapanda kwa neno hilo moja. Sufi ni ya asili. Pamba ni ya asili. Ngozi ya kondoo yenye manyoya ni ya asili, na ni miongoni mwa vitu vya kwanza vinavyokatazwa chini ya mtoto mchanga.

Upande wa pili wa biashara hiyohiyo ni kuuza hofu ya kemikali. Uingereza ilishapitia huko. Mwaka 1989 mtaalamu mmoja, Barry Richardson, alidai kuvu wanaoota kwenye magodoro ya watoto wanazalisha gesi ya sumu kutokana na dawa za kuzuia moto zilizomo. Televisheni ikalichukua mwaka 1994, wazazi wakatupa magodoro kwa maelfu. Kamati ya wataalamu ikakaa miaka kadhaa, na mwaka 1998 ikatoa jibu: hakuna ushahidi kwamba gesi hiyo ilimuua mtoto yeyote. Lakini hofu haifi kwa ripoti. Ukiona tangazo la godoro la mtoto linalozungumzia sumu mwanzo hadi mwisho na halisemi neno kuhusu ugumu, ujue anayeuza anakushika pale unapoogopa.

Kuhusu ulalaji wenyewe sitakaa sana, maana hili angalau limeanza kusikika. Kwa miongo kadhaa, mpaka miaka ya 1980, vitabu na hospitali nyingi za Magharibi zilishauri mtoto alazwe kifudifudi ili matapishi yasimpalie. New Zealand na Uingereza zilibadili wimbo kwa kampeni za mwaka 1991, Marekani ikatoa ushauri mpya 1992 na kampeni 1994: asilazwe kifudifudi. Leo ushauri ni mmoja: chali, kila usingizi, mchana na usiku. Vifo Marekani vilishuka kwa takriban nusu ndani ya miaka kumi hivi. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine, watoto waligeuzwa tu. Na ile hofu ya kupaliwa ina jibu la kimaumbile: mtoto akilala chali, njia ya hewa iko juu na njia ya chakula iko chini yake, hivyo kitakachocheuliwa ili kiingie kwenye mapafu ni lazima kipande mlima. Akilala kifudifudi mpangilio huo unapinduka. Ubavu nao haufai. Ni nusu ya safari ya kwenda kifudifudi.

Turudi kwenye seti ya Mtaa wa Kongo, maana bampa ina historia ya kuchekesha kama si kusikitisha. Zamani vitanda vya watoto vya Marekani vilikuwa na fito zilizoachana sana. Mwili wa mtoto ulipenya, kichwa kikanasa. Mito ya pembeni ilikuwa ya kuziba mianya hiyo. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ikaweka kanuni ya nafasi kati ya fito, sentimeta 6 tu, na mianya ikaisha. Bampa ilitakiwa istaafu siku hiyo. Badala yake ikapambwa maua. Thach yuleyule wa mito, mwaka 2007, alichapisha vifo 27 vilivyohusishwa na bampa kati ya 1985 na 2005: uso uliobanwa kwenye mto wa pembeni, shingo iliyonaswa na utepe, mtoto aliyekwama kati ya bampa na godoro. Ilichukua miaka mingine 15 mpaka Mei 2022, Rais Joe Biden aliposaini sheria inayopiga marufuku kuuza bampa nchini Marekani, pamoja na vilalio vyote vyenye mwinamo mkubwa.

Vilalio hivyo vyenye mwinamo vina kesi yao. Kimoja kilichopendwa sana, Rock 'n Play cha kampuni ya Fisher-Price, kiliondolewa sokoni Aprili 2019, vipande milioni 4.7, na mpaka Januari 2023 vifo vilivyoripotiwa kuhusiana nacho vilikuwa takriban 100. Mtoto aliyelazwa kwa mteremko kidevu chake huangukia kifuani na njia ya hewa hujikunja kama mpira wa bustani. Ndiyo kusema kiti cha gari au kibebeo ni cha safarini. Mkishafika, mtoto ahamie pabapa.

Sasa jiulize vitu vinavyokatazwa huko vinakwenda wapi. Kitanda hakisomi sheria. Vitanda vyenye ubavu wa kushuka, ambavyo Marekani ilivipiga marufuku kuuzwa tangu Juni 2011 kwa sababu ubavu ulikuwa ukichomoka na kutengeneza mtego, nimevikuta kwa macho yangu kwenye biashara ya mitumba, vimepakwa rangi upya, na aliyeuza alinionyesha ubavu unavyoshuka kana kwamba ndiyo sifa yake kuu. Simlaumu naye. Hajui, na hakuna aliyemwambia.

Mtumba wa godoro ni suala jingine. Watafiti wa Scotland mwaka 2002 walionyesha kwamba watoto waliolazwa kwenye godoro lililotumiwa na mtoto mwingine walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa ghafla, hasa kama godoro lilitoka nyumba nyingine. Uhusiano huo hauthibitishi kwamba godoro ndilo lililoua. Lakini huhitaji maabara kuona kwamba sponji iliyokaliwa miaka mitatu na mikojo imebonyea katikati, na pale palipobonyea ndipo mtoto mpya atakapolazwa. Kitanda cha mtumba unaweza kukikagua na kukaza skrubu. Godoro nunua jipya, hata kama ni la bei ya chini kabisa dukani, mradi liwe gumu.

Gumu kiasi gani? Hapa wauzaji hututajia uzito wa sponji na maneno ya kiwandani, na mkono wa mtu mzima haufai kuwa mizani. Tunabonyeza kwa kiganja tukifikiria mgongo wetu, wakati atakayelala ana kilo nne. Australia na New Zealand zilitoa kiwango cha kupima ugumu wa magodoro ya watoto mwaka 2013, na kutokana nacho kuna kipimo cha nyumbani ambacho nakipenda kwa sababu kinazipa kazi CD za Bongo Movie zilizolala kabatini. Rundika CD 12 na uziweke juu ya godoro, pale panapoonekana palaini zaidi. Chukua boksi la maziwa la lita 1 lisilofunguliwa, lilaze juu ya rundo kwa namna ambayo ncha yake inatokeza sentimeta 4 nje ya ukingo wa CD. Juu yake laza boksi la pili. Kisha chungulia kwa pembeni. Ncha iliyotokeza ikigusa godoro, godoro hilo ni laini mno kwa mtoto. Nililijaribu nyumbani godoro letu la wageni, lile tunalojivunia. Boksi liliketi kama bosi kwenye sofa.

Dukani hutapewa nafasi ya kupanga maziwa, basi fanya hivi: kandamiza kwa ngumi katikati na pembeni, uachie. Linalofaa linarudi papo hapo na kuwa bapa. Linalobakiza alama ya mkono, hata kwa sekunde chache, liache, na hapo naingiza yale yanayosifiwa kwamba yanakumbuka umbo la mwili. Hatutaki godoro likumbuke chochote.

Kisha vipimo. Mafundi wetu seremala wanatengeneza vitanda kwa jicho na wanauza sponji ya kukata, ya futi mbili kwa nne au karibu na hapo. Pima kitanda kwa ndani kabla hujaenda dukani. Godoro likishaingia, kati yake na ubavu wa kitanda visipite vidole viwili. Pakiwa na nafasi zaidi, fundi akate jingine, na usizibe kwa kanga iliyoviringishwa. Mwambie fundi kopo la soda lisipenye kati ya fito, atakuelewa kuliko ukimtajia sentimeta. Muulize na rangi kama haina madini ya risasi, maana mtoto ataitafuna. Unene wa inchi 4 unatosha na usizidi 6: godoro nene linapunguza kimo cha kitanda, na siku mtoto atakapojifunza kusimama ndiyo siku atakayopinduka.

Ile nailoni ya kiwandani tunayoiacha kwenye godoro ili lisichafuke, itoe. Ni nyembamba, inalegea, inanata kwenye uso wenye unyevu. Kinachozuia mikojo ni mpira mzito uliobana, na juu yake shuka lenye lastiki lisilochomoka hata ukilivuta kona. Basi. Hakuna mto mpaka atimize mwaka. Ule wenye shimo, unaodaiwa kuunda kichwa, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya wazazi wasiutumie Novemba 2022, na ubapa wa kisogo kwa kawaida hujirekebisha mtoto akianza kukaa na akichezeshwa kwa tumbo akiwa macho.

Na baridi je? Swali hili huulizwa hata Dar es Salaam mwezi wa Februari, mtoto akiwa na kofia, soksi, shali mbili na jasho mgongoni. Joto kupita kiasi ni hatari yenyewe. Ule uchunguzi wa Tasmania ulikuta pia kufungwa kwa nguo na chumba kilichopashwa moto vikizidisha hatari kwa waliolala kifudifudi. Kofia ni ya saa za kwanza baada ya kuzaliwa na ya njiti wanaobebwa kifuani kwa njia ya kangaruu, si ya kulalia nyumbani. Kwa watu wa Njombe, Lushoto au Limuru, mvalishe nguo za tabaka mbili au mfuko wa kulalia wenye mikono, usimfunike blanketi linaloweza kupanda usoni. Jiko la mkaa lisiingie chumbani kabisa, hata likiwa limebakiza makaa tu.

Mpaka hapa nimesema yale ambayo kipeperushi chochote cha London kingesema. Tatizo la vipeperushi hivyo ni kwamba vinaposema kitanda kiwe kitupu, havimjui mbu. Takriban robo tatu ya wanaokufa kwa malaria katika Afrika ni watoto walio chini ya miaka mitano. Kwetu kitanda kitupu kisicho na chandarua ni hatari nyingine. Chandarua chenye dawa ambacho mama Mtanzania hupewa kliniki anapohudhuria mara ya kwanza, na kingine mtoto anapopata chanjo ya surua ya miezi tisa, ndicho kitu pekee ninachokubali kuongeza: kitundikwe juu, kishuke nje ya kitanda, kichomekwe chini ya godoro kikiwa kimevutika, kisije kikaanguka ndani.

Vile vineti vya mwavuli vinavyokunjika, vyenye kigodoro na mto wake mdogo uliochapwa katuni, vinanipa shida zaidi. Vingi havina dawa. Chini yake ni sponji laini inayoteleza, na kuta zake ni kitambaa kilicholegea ambacho mtoto anayeanza kujiviringisha anaweza kukibonyea uso. Ukiwa nacho tayari, toa mto, toa kigodoro, kiweke juu ya sehemu ngumu, na akianza kugeuka mwenyewe mwachishe.

Jambo la pili ambalo vipeperushi havilijui vizuri ni kitanda cha mama. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2022, wanashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi 6 lakini kwenye kilalio chake. Nawaelewa. Lakini nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, kitanda cha futi tano kwa sita, kabati, jiko la gesi na ndoo za maji: kitanda cha mtoto kikae wapi? Mama ananyonyesha mara nne usiku. Atalala naye, na ukimkemea atalala naye kwa siri, pengine kwenye kochi, ambako wataalamu wote wanakubaliana ni pabaya kuliko popote.

Basi tuzungumze naye kama mtu mzima. Kama mmoja wenu amekunywa, au anavuta sigara, au mtoto ni njiti, usiku huo asilale nanyi. Godoro liwe lilelile gumu. Mtoto akae upande wa mama peke yake, si kati ya baba na kaka mkubwa, mbali na mito, mbali na mwanya wa ukutani, na kila mtu na shuka lake. Wazee waliolala jamvini sakafuni walikuwa karibu zaidi na mwongozo huu kuliko sisi wa magodoro ya inchi 10, ingawa sitawasifia kila kitu: kitanda cha kamba cha teremka tukaze kikishalegea kinakuwa pembea, na mtoto anateremkia katikati.

Kuna watu walioona njia ya tatu. Wamaori wa New Zealand walikuwa wakipoteza watoto wengi kuliko raia wenzao, na kuwaambia akina mama wasilale na watoto hakukusaidia. Karibu mwaka 2006 daktari wa Kimaori, David Tipene-Leach, na wasukaji wakaja na wahakura: kikapu bapa kilichosukwa kwa majani ya harakeke, chenye kigodoro chembamba, kinachowekwa juu ya kitanda cha wazazi. Mtoto yuko kitandani na mama, lakini ana mipaka yake. Baada ya tetemeko la Christchurch la 2011 likatolewa toleo la boksi la plastiki kwa familia zilizopoteza nyumba. Jaribio lililochapishwa 2017 liliwalinganisha waliopewa wahakura na waliopewa vitanda vidogo vya kawaida: hatari haikuongezeka, na walionyonyeshwa kikamilifu mpaka miezi 6 walikuwa wengi zaidi kwa wenye vikapu.

Nilipoisoma habari hiyo niliwafikiria wanawake wa Pemba, Mafia na Tanga wanaosuka ukili. Kapu bapa lenye ukingo wa shubiri moja, imara, linalopitisha hewa, linaloanikika juani na kufutika. Kazi ya siku chache kwa mkono uliozoea. Tunasuka mikeka ya kuswalia na vikapu vya watalii; sioni kwa nini halmashauri moja isikae na wasukaji, wakunga na watu wa viwango wakapima kitu cha namna hiyo sawasawa kabla ya kukigawa. Kupima kwanza, narudia, maana kapu lililosukwa vibaya ni mtego kama kitanda kibovu.

Nilimsindikiza mpwa wangu kliniki mara mbili. Alifundishwa kunyonyesha, chanjo, dalili za hatari, chandarua. Somo zuri, muuguzi mchangamfu. Mtoto atalazwa juu ya nini, hakuna aliyeuliza. Somo hilo lilibaki kwa kijana wa Mtaa wa Kongo, na yeye alilitoa kwa ufasaha.

Seti yenyewe ilikuja tu. Siku ya arobaini wafanyakazi wenzake walichangishana wakamletea, imefungwa utepe, na huwezi kumrudishia mtu zawadi. Shuka linatumika. Dubu anasubiri. Bampa mbili Bibi amezishona pamoja akapata egemeo la mgongo pale kibarazani, anasema tangu ujana wake hajawahi kuegemea kitu laini namna hiyo. Mtoto yuko ndani, chali, kwenye sponji ya inchi 4 chini ya chandarua cha bluu, na kila mgeni anayechungulia anauliza mbona hamjamtandikia.